Mbege ya Jumamosi, Marangu

Ukitoka Himo kupanda Marangu, mlima wenyewe huuoni. Wageni wengi hulalamikia hilo. Kibo na mita zake 5,895 hujifunika mawingu mapema, ikabaki barabara inayopinda, migomba kushoto na kulia, na masikio yanayoziba kadiri gari linavyopanda. Himo tuliacha vumbi, malori ya kwenda Holili na jua la utosi. Marangu Mtoni tukakuta ubaridi, akina mama waliojifunga kanga juu ya sweta, na magari ya watalii yakipita kasi kuelekea lango la hifadhi. Huku ndiko alikopandia Hans Meyer mwaka 1889 akafika kileleni, na tangu hapo kila mgeni wa Marangu hutembea ameinua shingo. Sisi tulifuata pombe.

Mwenyeji wangu ni rafiki ninayefanya naye kazi Dar es Salaam, mzaliwa wa huku huku. Kwa muda mrefu alikuwa akitusikiliza tukisifia baa mpya za mjini zinazopika bia yao wenyewe, zile zenye matangi ya chuma yanayong'aa nyuma ya kioo na orodha ya vyakula inayokueleza mpaka kuku alikulia wapi. Siku moja uvumilivu ukamwisha. "Shangazi yangu ana hayo yote," akasema, "isipokuwa kioo."

Kilabu cha shangazi hakina bango. Dereva wa bodaboda hakuuliza njia, alituuliza tu kama tunajua kwamba leo ni zamu yake. Mbele kuna ukumbi wa bati uliowekwa mabenchi marefu na meza mbili zilizosuguliwa na viwiko vya miaka. Ubavuni kuna jiko la chakula. Nyuma ya jiko kuna banda la kupikia pombe, na nyuma ya banda kinaanza kihamba, shamba lake la nyumbani, kinateremka polepole mpaka kwenye mfongo, mfereji ambamo maji ya mlimani hupita yakiongea. Kutoka benchini hadi majini ni mwendo ambao hata mlevi anaumudu, na karibu kila kinacholiwa na kunywewa pale mbele kimetoka ndani ya mwendo huo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba, karibuni. Mmekula?"

Tulikuwa tumekula mihogo Himo, lakini hilo halikuhesabiwa. Kwake mbege haimiminiwi mtu mwenye njaa. Anadai amewaona vijana wa mjini wakifika na tumbo tupu na majivuno tele, wakaondoka wakiwa wamebebwa. Basi tukawekewa mtori. Kuna mtori wa hotelini, mwepesi kama supu iliyokosa uamuzi, na kuna huu: ndizi mchare zilizochemshwa na mbavu za ng'ombe mpaka zikalainika, nyama ikatolewa, ndizi zikapondwa kwa mwiko hadi zikawa uji mzito, kisha nyama ikarudishwa. Ndicho chakula anachopewa mzazi baada ya kujifungua, na nikiwa nakwangua bakuli nilielewa kwa nini. Meza ya jirani walikuwa na kiburu, ndizi na maharage vilivyopikwa chungu kimoja. Mzee mmoja alikuwa na bakuli la kisusio, supu ya mbuzi yenye damu, ambayo sikuiomba na wala sikuulizwa.

Baada ya chakula shangazi alichukua panga akatuambia tumfuate. Mtu akisema "shamba" mimi huona mistari: mahindi hapa, mihogo pale. Kihamba hakina mistari. Juu kabisa imesimama miti mirefu na mparachichi. Chini yake migomba. Chini ya migomba mibuni. Chini ya mibuni magimbi na majani ya ng'ombe. Kila kitu kimesimama kwenye kivuli cha kingine. Alikuwa akipita akigusa mashina kwa bapa la panga na kuyataja: huu mchare, huu kisukari, ule pembeni ni ndizi ng'ombe, wa pombe. Kwangu ilikuwa migomba tu. Shina lililokwisha kuzaa hukatwa, likakatwakatwa, likapelekwa zizini. Ng'ombe wake wawili hawajawahi kwenda malishoni. Wanafungiwa bandani na kuletewa chakula, na samadi yao hurudi kwenye migomba ile ile. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa limeuingiza mfumo huu kwenye orodha yake ya urithi wa kilimo duniani, kupitia kijiji cha Shimbwe Juu, kule upande wa Uru. Nilipomwambia, shangazi alisema ni vizuri, kisha akainama kung'oa kwekwe.

Mfongo ulikuwa ukitiririka nusu. Maji si ya kila siku: kila familia ina zamu yake, na mwenye kuiba zamu ya mwenzake hutozwa faini. Mifereji hii Wachaga waliichimba kabla Wajerumani hawajafika, wakaipitisha kwenye mabega ya mlima bila ramani yoyote, na kamati zinazoigawa bado zipo. Nilichukulia kwamba hii ni habari ya maji tu. Nilipoingia banda la pombe nikaona kwamba ndiyo habari yenyewe.

Mbege huchukua zaidi ya wiki kuandaliwa na siku moja kuharibika. Ndizi hukatwa zikiwa zimekomaa, huvundikwa zikiwa zimefunikwa majani makavu ya migomba, na huachwa mpaka maganda yapate madoa meusi. Humenywa, huchemshwa saa kadhaa kwenye sufuria kubwa mpaka zigeuke rangi ya matofali, kisha humwagwa pipani zikapoa na kukaa siku kadhaa. Pipa la wiki ijayo lilikuwa hapo, limefunikwa kwa jani. Shangazi alilifunua. Juu palikuwa na ukoko uliopasuka kama tope la bwawa lililokauka, na kwenye kila ufa kiputo kilikuwa kikipanda, kinavimba, kinasita, kinapasuka. Harufu ilikuwa ya ndizi mbivu mno na ya mkate kwa pamoja. Hakuna aliyetia hamira. Vijidudu vinavyofanya kazi hiyo viko kwenye hewa ya banda, kwenye ndizi, na zaidi kwenye mbao za pipa lenyewe, ambalo yeye hulisuuza kwa maji ya moto tu. Sabuni haliijui. Ana mapipa mawili ya plastiki pia, aliyoletewa na mwanawe. Anawekea maji.

Upande wa pili ni ulezi. Huloweshwa, hufunikwa mpaka uchipue, huanikwa juani, husagwa. Ukichipua, wanga wake huanza kugeuka sukari, na ndiyo maana kimea hakikwepeki: shayiri ya bia ya kiwandani hupitishwa njia hiyo hiyo. Unga wa kimea hupikwa uji, na humo ndimo unapotiwa msesewe, magamba ya mti ambao wataalamu wa mimea huuita Rauvolfia caffra. Kazi ya msesewe ni ile ya hopsi kwenye bia, kuleta uchungu unaozuia utamu usikinaishe. Shangazi alinivunjia kipande kidogo nikitafune. Waliowahi kumeza klorokwini utotoni wataelewa nikisema kwamba nilitafuta mahali pa kutema bila kuonekana, na kwamba rafiki yangu alikuwa ameshajiandaa kucheka.

Ijumaa jioni maji ya ndizi huchujwa, huchanganywa na uji wa ulezi, na mchanganyiko huachwa ulale. Asubuhi ya Jumamosi umeamka ni mbege. Mchana ni mbege nzuri. Jioni ni mbege ya wanaume, kama alivyoiita, akimaanisha imekuwa kali. Jumapili iliyobaki imeanza kuchacha, na Jumatatu ni ya nguruwe, pamoja na machicha.

Hapo ndipo kila kitu kinapopangwa. Pombe isiyongoja kesho haiwezi kupikwa na watu watano siku moja kwenye kitongoji kimoja, wote wangemwaga. Kwa hiyo wanawake wapishi wa eneo hili wamegawana wiki. Shangazi ana Jumamosi. Jirani wa juu ana Jumanne. Kuna mwenye Jumapili baada ya ibada, na hiyo ndiyo siku inayogombewa, alisema, kwa sababu watu hutoka kanisani wakiwa na furaha na pesa kidogo. Mpishi asiye na zamu huja kunywa kwa mwenye zamu, na hulipa, ili naye siku yake alipwe. Jumamosi ile benchi la karibu na mlango lilikuwa limekaliwa na washindani wake wote. Wateja wanaijua ratiba kama wanavyoijua ya daladala, na vilabu vinavyolala leo si kwamba vimefilisika. Mjini tungeliita soko lisilo na ushindani na tungelitafutia dawa. Kwa kadiri nilivyoona, bila mgawo huu hakuna mwanamke hata mmoja ambaye angepata faida.

Tulirudi ukumbini. Mbege huuzwa kwa lita, kwenye jagi la plastiki, kwa bei isiyofikia chupa moja ya bia. Wazee wawili walikuwa na kata zao za kibuyu, zimeng'aa kwa kushikwa. Kabla hajanikabidhi yangu, shangazi alipiga funda moja, akafuta ukingo kwa kiganja. Mpishi huonja kwanza, mgeni aone. Ni kinywaji cha kahawia, kizito, chenye chembe za ulezi zinazoelea juu ambazo unazipuliza pembeni kabla ya kunywa. Kwanza unakutana na uchachu, halafu utamu wa ndizi unachelewa kidogo, na mwisho, ukidhani umemaliza, msesewe unakuja nyuma ya ulimi. Mimi ni mtu wa Tanga. Nimekulia karibu na wagema, najua tembo la mnazi la asubuhi na lile la jioni yanavyotofautiana, na nilitarajia ndugu yake. Hii ina nusu ya chakula ndani yake. Jagi la pili linashibisha.

Nilimsifia. Akanitazama kwa jicho la pembeni. "Nyie watu wa pwani si ndio mnaosema mgema akisifiwa tembo hulitia maji? Kunywa, usinisifie."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Redio ilikuwepo lakini hakuna aliyeisikiliza, kwa sababu kwenye kona kulikuwa na kesi. Mtu mmoja alikuwa amepanda miti ya mbao mpakani, mizizi ikaingia kwa jirani. Mpaka wenyewe umewekwa kwa masale, majani yale membamba marefu ambayo Wachaga huyapanda kugawa vihamba, na ambayo pia hushikwa mkononi na mtu anayekwenda kuomba radhi. Wazee walizungumza Kichaga, rafiki yangu akinitafsiria vipande. Hukumu ilitoka kabla jagi halijaisha: miti miwili ikatwe, na mkosaji alete mbege siku ya kupatana. Nikauliza ni kiasi gani. Pipa. Shangazi, aliyekuwa akipita na majagi, hakusema neno, lakini nilimwona akihesabu.

Pombe hii imo kwenye posa, kwenye mahari, kwenye harusi na kwenye matanga, na kwa walioshika mila, wazee waliotangulia nao humwagiwa chao chini ya mgomba. Sitaki kuipamba. Kuna wanaume waliokuwa pale tangu kabla hatujafika na waliokuwa pale tulipoondoka, na mke wa mmoja wao alikuja akasimama mlangoni kimya mpaka mumewe akainuka. Mbege ya zamu nayo hulevya, hasa mtu anapoifuata zamu baada ya zamu, kilabu baada ya kilabu, wiki nzima. Lakini nilipoutaja ulevi, watu hawakuzungumzia mbege. Walizungumzia viroba, vile vifuko vya plastiki vya pombe kali vilivyouzwa kwa bei ya pipi mpaka serikali ilipovipiga marufuku Machi 2017. Kila mtu benchini alikuwa na jina la kijana wa kumtaja. Kiroba kilikaa mfukoni, kilinywewa peke yako, nyuma ya nyumba, saa mbili asubuhi. Mbege huwezi kuifanya hivyo. Haiingii mfukoni.

Alasiri, umati ulipopungua, shangazi alikaa nasi akavua ndala. Nilimuuliza kwa nini mibuni yake imezeeka bila kubadilishwa. Jibu lilikuwa refu. Kahawa ndiyo iliyowasomesha watu wa hapa; chama cha ushirika cha KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933, kilikuwa fahari ya mlima mzima. Lakini kahawa ilikuwa ya baba. Pesa yake ilikuja mara moja kwa mwaka, ikaingia mfuko wa koti, na mama hakuulizwa. Ndizi zilikuwa za mama. Baada ya mwaka 1989, mfumo wa kimataifa wa mgawo wa mauzo ulipovunjika na bei ya kahawa kuporomoka, mfuko wa koti ukawa mtupu, na nyumba nyingi zikabaki zikitegemea mkungu wa ndizi na pipa. Marehemu mumewe aligoma kung'oa mibuni mpaka anaingia kaburini. Yeye hajaing'oa pia. Huwa anachuma kidogo, anauza, na anaweka pesa mbali na ile ya mbege, kama mtu anayetunza akiba ya mtu mwingine.

"Mbege kila wiki," alisema. "Ada haisubiri msimu."

Nilitaka kuamini kwamba kila kilichomo kwenye jagi kilitoka kihambani, na kwa ndizi, msesewe, kuni na maji ni kweli. Ulezi siyo. Zamani ulilimwa kwenye mashamba ya chini, ukimwagiliwa kwa mifongo hiyo hiyo. Sasa vihamba vimegawanywa na kugawanywa tena. Kwa mila, kifungua mimba hupata chake na kitinda mimba hubaki na nyumba ya wazazi. Wa katikati hutafuta maisha kwingine, na ndiyo sababu mojawapo ukienda duka lolote la vipuri Kariakoo utasalimiwa kwa lafudhi ya Marangu au ya Machame. Lakini hata baada ya wa katikati kuondoka, ardhi imebaki ndogo, na mashamba ya chini yameota nyumba. Ulezi wa shangazi hununuliwa sokoni, umekuja kwa lori kutoka mikoa mingine, na bei yake hupanda bila taarifa. Ikipanda sana, yeye hupunguza kimea. Wateja hugundua siku hiyo hiyo.

Arusha kuna kampuni, Banana Investments, inayotengeneza kinywaji cha ndizi na kukitia chupani. Kinaitwa Raha, na kinafika mbali. Nilimuuliza shangazi kama amewahi kufikiria chupa. Mwanawe wa Dar, yule wa mapipa ya plastiki, amemletea wazo hilo zaidi ya mara moja, pamoja na jina la kuandika kwenye lebo. Alinieleza tatizo kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulimaliza kichwani. Ili mbege isafiri lazima uiue, uichemshe, uichuje mpaka ulezi uishe, na ukishafanya hivyo umepata kitu kingine. Pengine kizuri. Na kikianza kukaa mwezi mzima dukani, jirani wa Jumanne atauza nini?

Rafiki yangu alitaka kubeba dumu la lita tano kwenda nalo Dar. Shangazi alikataa kulijaza. Basi hutumia siku nzima barabarani, alisema, na mbege haiachi kuchemka kwa sababu iko safarini. Mwaka juzi mtu alifungua dumu lake Korogwe na abiria wa viti vitatu wakafika Ubungo wakinuka kilabu. Badala yake alimfungia mkungu wa mchare kwa kamba ya mgomba na kumwagiza awafundishe wanawe kuupika mtori, kwa kuwa alisikia kwamba wanakula tambi.

Tulipoaga niliuliza ni wakati gani mzuri wa kurudi. Alinijibu huku akikusanya majagi, bila kugeuka. "Desemba msije. Wale wa mjini wakipanda kwa Krismasi wanakunywa zamu zote saba, wanauliza mbona haina barafu, na hata nguruwe wangu hakosi siku ya kulala njaa."